Kwa IST hadi Livingstonia: jibu kwa mwalimu wa Makambako

Swali: "Mimi na mume wangu ni walimu, Makambako. Tunataka kuzunguka milima kwa gari na kuvuka hadi Malawi pamoja na watoto wetu wawili (miaka 9 na 4) na mama mkwe wangu wa miaka 68, ambaye anatumia dawa za presha. Tuna siku sita. Gari ni Toyota IST, ila kadi ina jina la shemeji yangu aliyeko Dodoma. Tumepanga Kitulo, Matema, Livingstonia, Nyika na Nkhata Bay, kisha turudi. Je, tuende likizo ya Juni au ya Desemba? Na IST itapanda?"

Mwalimu, kwanza mfikishie mama mkwe wako shikamoo yangu. Pili, niruhusu nichukue kalamu nyekundu niifanyie kazi ratiba yako, maana hiyo ni safari ya siku kumi na mbili iliyoshindiliwa kwenye sita. Nadhani uliipima kwa kilomita kwenye ramani ya simu. Kwetu huku milimani kilomita hazikuambii kitu. Unatakiwa kuuliza umepanda mita ngapi, umeshuka mita ngapi, na jua limebaki juu kwa saa ngapi.

Kwa hiyo nakata Kitulo. Maua yanayoifanya iitwe Bustani ya Mungu hutoka wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Ukienda Juni utakuta nyasi zilizokauka na baridi ya kung'ata masikio. Nakata Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambayo ni pazuri sana lakini hutavuka ziwa na gari ukitokea pale, kwa hiyo utakuwa umeenda na kurudi njia ileile. Nakata Nyika, hifadhi ya milimani kule Malawi, kwa sababu ya IST. Na Nkhata Bay, mji wa ziwani ulio mbali zaidi kusini, naikata kwa sababu ya petroli, jambo ambalo nitalieleza hapo chini.

Kinachobaki ni mzunguko ambao mimi naupenda kuliko safari zote za kanda hii: Uyole, Tukuyu, mpaka wa Kasumulu, Karonga, Chitimba, Livingstonia (mji wa misheni ulio juu ya mlima), kisha kurudi Karonga, kupanda Chitipa, kuvuka mpaka mdogo wa Isongole wilayani Ileje na kutokea Mpemba kwenye barabara kuu ya Tunduma. Unatoka kwa mlango mmoja na kurudi kwa mwingine. Isipokuwa Makambako hadi Uyole, kipande cha kati ya Karonga na Chitimba, na kile cha kupanda Livingstonia, hakuna barabara unayoirudia.

Tahadhari ndogo kabla sijaendelea: Isongole ziko mbili. Moja iko Rungwe, kule juu kwenye viazi na ukungu, na utaipita siku ya kwanza. Nyingine ni ya Ileje, mpakani na Chitipa. Nimewahi kupokea simu ya mgeni aliyekuwa amesimama kwenye Isongole ya Rungwe akiniuliza uhamiaji uko upande gani.

Juni au Desemba? Juni, tena bila kusitasita. Rungwe ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote Tanzania, na Desemba mvua inakuwa imeshashika. Barabara ya lami utapita, lakini utapita ndani ya wingu na hutaona mlima wala ziwa, na ile njia ya kupanda Livingstonia inakuwa utelezi. Juni anga ni safi, vumbi si kali kama la Septemba, na wewe uko likizo. Ubaya wake ni baridi ya usiku kule juu na upepo mkali kutoka kusini-mashariki ambao watu wa ziwani wanauita mwera. Ukivuma siku mbili tatu, ziwa linachafuka na watoto hawaogi. Beba masweta, na mama umbebee blanketi lake mwenyewe.

Sasa gari. IST itapanda kila mahali kwenye mzunguko huu isipokuwa kilomita 15 hivi za mwisho, kutoka Chitimba hadi Livingstonia. Njia hiyo inaitwa Gorodi. Inaanza ufukweni, kwenye ziwa lililo mita 474 tu juu ya usawa wa bahari, halafu inapanda ukuta wa mlima kwa zaidi ya mita 800, kwa kona kali zipatazo 20 zinazokunjana kama utumbo. Ni mawe na udongo, upande mmoja ukuta, upande mwingine hewa. Gari lenye tumbo la chini, likiwa na watu watano na mabegi, litapiga chini. Na kama halikupiga chini, litasimama katikati ya kona, na hapo utalazimika kurudi nyuma huku mama mkwe akisali. Nimeyaona magari madogo yaliyofika juu. Sijaona mwenye gari aliyetamani kurudia.

IST iache Chitimba, kwenye nyumba ya wageni utakayokubaliana nayo ulinzi, na mpande kwa gari la kukodi. Malawi usafiri wa kupanda pikapu au lori njiani unaitwa matola, na kwenye Gorodi usafiri ni huo. Lakini msiende nyuma kwenye bodi na mtoto wa miaka minne na mama wa miaka 68. Tafuta gari la fo-wili lenye kabini, au wapigie mapema mtakapolala kule juu waje wawachukue. Bei ipatane kabla mizigo haijapakiwa, kwa gari zima, kupanda na kushuka, na malipo ya kushuka yabaki mkononi mwako hadi siku ya kushuka. Fanyeni hivyo asubuhi, maana mchana magari yanakuwa machache na dereva anajua huna pa kwenda.

Hiyo ndiyo habari ya kupanda. Mimi huwa nahofia zaidi kushuka, na kushuka kunaanza siku ya kwanza kabisa hapa nyumbani. Kutoka Makambako mpaka Uyole ni njia unayoijua. Uyole unakata kushoto bila kuingia Mbeya mjini, unapanda kwenye Isongole ile ya Rungwe mpaka zaidi ya mita 2,000, halafu barabara inaanza kuinama: Kiwira, ambayo sisi tunaiita KK, Tukuyu, migomba, mashamba ya chai, mikakao ya Kyela, hadi mpunga ulio karibu usawa wa ziwa. Ndani ya kilomita zipatazo 100 umeshuka mita 1,500 na ushee. Ni kama kushuka ghorofa mia tano ukiwa umekaa.

Nilianza kazi barabara hiyo nikiwa utingo kwenye lori la ndizi, na kitu cha kwanza alichonifundisha dereva wangu ni harufu. Breki zinazochemka zinanuka kama kamba ya katani inayoungua. Ukiisikia, umeshachelewa kidogo. Sheria yetu ilikuwa moja: mlima unaushuka kwa gia ile ambayo ungeupandia. IST ni ya otomatiki, na madereva wengi wa otomatiki wanaacha kwenye D, wanakanyaga breki kuanzia juu mpaka chini. Usifanye hivyo. Kabla mteremko haujaanza, vuta kwenda kwenye gia ya chini, S au B au 2 au L kulingana na toleo, injini iungurume na ikuzuie. Breki iguse kwa nguvu, iachie, ipumzike. Usiipapase muda wote. Ukisikia pedali inazama au inakuwa laini, simama mahali pa tambarare, usimwage maji kwenye magurudumu, kaa nusu saa mle ndizi choma.

Wiki moja kabla ya safari mpelekee fundi gari, umwambie maneno haya: pedi za mbele na viatu vya nyuma avitoe avione kwa macho, si kuangalia kwa tochi, mafuta ya breki abadilishe kama yana zaidi ya miaka miwili, kwa sababu yananyonya unyevu na yakipata moto yanachemka, rejeta na mipira yake, tairi la akiba lijazwe upepo, jeki na spana vijaribiwe pale pale gereji. Pembetatu za kuakisi mwanga ziwe mbili na kizimamoto kisiwe kimeisha muda. Malawi vizuizi vya polisi ni vingi, na vitu hivyo ndivyo vinavyoulizwa. Leseni ya Tanzania inakubalika kule, na wao kama sisi wanaendesha upande wa kushoto.

Petroli. Malawi imekuwa na upungufu wa mafuta unaokuja na kuondoka kwa miaka kadhaa sasa, kwa sababu nchi inakosa fedha za kigeni za kuagizia. Kuna wiki pampu zinafanya kazi kama kawaida, na kuna wiki foleni inalala kituoni. Huwezi kujua utaangukia wiki ipi. Uzuri wa mzunguko huu ni kwamba hauhitaji petroli ya Malawi hata lita moja. Kasumulu hadi Karonga ni kama kilomita 50; Karonga hadi Chitimba kama 100; unarudi 100 hizo hizo; Karonga hadi Chitipa nyingine 100; kisha mpaka mdogo na kilomita 50 za Ileje hadi Mpemba. Jumla haifiki mbali zaidi ya 420. Tangi la IST linachukua zaidi kidogo ya lita 40, na hata likiwa limebeba watu watano milimani linakwenda kilomita 12 kwa lita bila shida. Jaza Tukuyu, halafu ongezea tena kwenye pampu ya mwisho kabla ya mpaka hadi mdomoni. Ungeenda Nkhata Bay hesabu hiyo ingevunjika, ndiyo maana niliikata. Wala usijiongezee usalama kwa kubeba madumu: petroli ndani ya gari lenye watoto ni hatari, na mpakani utaonekana mfanyabiashara wa magendo.

Sasa karatasi, na hapa ndipo safari yako inaweza kufia. Kadi ya gari ina jina la shemeji. Mpakani, gari lisilo la kwako ni gari la wizi mpaka uthibitishe vinginevyo. Mwambie shemeji aandike barua ya kukuruhusu wewe au mume wako, kwa majina kama yalivyo kwenye pasipoti, ikitaja namba ya usajili, namba ya chasi, nchi mnayokwenda na tarehe za kwenda na kurudi. Apige saini mbele ya wakili au hakimu na barua igongwe muhuri, aambatanishe na nakala ya kitambulisho chake. Iwe na maelezo ya Kiingereza, kwa sababu upande wa pili ndiyo lugha ya ofisi. Na mbebe kadi yenyewe, si nakala. Mimi nilishapoteza siku nzima kwenye jua la Kasumulu kwa sababu mwenye gari alikuwa ameandika barua nzuri, yenye heshima zote, isiyo na muhuri.

Bima yako ya Tanzania inakoma kwenye daraja la mto Songwe. Nenda kwa kampuni iliyokukatia bima ikupe kadi ya njano ya COMESA, ile jumuiya ya soko la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki kwenye mpango huo wa bima, na Malawi imo. Hakikisha Malawi imetajwa kwenye kadi. Ukishavuka, forodha ya Malawi itakupa kibali cha kuingiza gari kwa muda, na utalipia ada ya barabara. Hapo sema mapema, kabla hawajaandika, kwamba utatokea Chitipa, siyo hapohapo Songwe ulipoingilia. Kibali kikiandikwa bila hilo, afisa wa mpaka mdogo anaweza kukurudisha ulikotoka, naye atakuwa sahihi. Upande wetu pia pitisha gari TRA wakati wa kutoka, ili siku ya kurudi lijulikane kuwa ni gari lililotoka na si linaloingia.

Kila mtu awe na pasipoti yake, hata wa miaka minne. Raia wa Tanzania hatuhitaji viza ya matembezi kwenda Malawi. Beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na kama ikitokea mume wako asiende, beba barua yake ya kuridhia. Kadi ya manjano ya chanjo, yaani ya homa ya manjano, iwepo mkobani kwa kila mtu. Isipoulizwa utairudisha nyumbani ikiwa safi. Dawa za presha za mama zikae kwenye pakiti zake pamoja na karatasi ya daktari, na ziwe za siku kumi, si sita.

Mpakani utavamiwa na vijana wa aina mbili, vishoka wa karatasi na wabadilisha fedha. Vishoka waambie asante, huhitaji. Hakuna fomu pale ambayo mwalimu atashindwa kuijaza. Kwacha, yaani fedha ya Malawi, ni bora ununue kwenye duka la fedha lenye kibali au benki. Kijana wa mtaani atakutajia bei nono, na hesabu yake itakuwa sahihi mpaka noti zitakapopita mara ya pili mkononi mwake. Na badilisha unachokihitaji tu, kwa sababu kwacha ukirudi nazo Makambako zinakuwa picha.

Halafu ipo saa. Malawi iko nyuma yetu kwa saa moja. Juu ya hilo, wao hawahesabu saa kuanzia jua kuchomoza kama sisi. Mmalawi akikuambia tukutane "nane asubuhi", ana maana ya saa mbili asubuhi kwa saa yake, ambayo kwetu ni saa tatu. Nimeona watu wakikosana na dereva wa matola kwa sababu hiyo tu. Na kwa kuwa Karonga iko upande wa mashariki wa ukanda wake wa saa, mwezi Juni jua linazama kama saa kumi na moja na nusu jioni kwa saa yao. Kwa hiyo mpaka mdogo wa Chitipa, ambao haukeshi, na barabara zote kwa ujumla, mziweke kabla ya saa kumi jioni ya kwao. Usiku barabara ile ina ng'ombe, baiskeli zisizo na taa, na malori yaliyoharibika yaliyowekewa matawi ya miti tu kama alama.

Sasa tuanze safari yenyewe. Siku ya kwanza laleni Tukuyu. Wajerumani waliiita Neu Langenburg, na baridi yake waliipenda. Kama mmefika mapema, shukeni kutoka Kiwira kwenda Daraja la Mungu, daraja la mwamba lililojengwa na mto na volkano bila fundi, na Kijungu, ambapo mto unaingia kwenye chungu cha mawe na kutokea upande wa pili. Njia inapita eneo la Magereza, kwa hiyo ulizeni kabla ya kupiga picha. Ziwa Ngozi liacheni; mteremko wa kulifikia ni wa magoti ya vijana. Asubuhi mlima Rungwe, mita 2,960, huwa wazi mpaka kama saa tatu, halafu unavaa kofia. Amkeni muuone.

Siku ya pili ni Kasumulu na Karonga. Kilomita ni chache sana, nami nimeiacha hivyo makusudi, kwa kuwa mpaka unaweza kula saa moja au saa nne. Kama mtoto wako mdogo ni mtapikaji, na walio wengi wa umri huo ni watapikaji kwenye kona za Tukuyu, asinywe chai ya maziwa asubuhi. Mpe uji mwepesi au mkate mkavu, akae anapoona mbele, dirisha liwe wazi kidogo, na simu asiangalie. Kipande cha tangawizi kinasaidia hata wakubwa. Masikio yataziba kadiri mnavyoshuka; pipi au kumeza mate yanazibua.

Mkishavuka Songwe mtashangaa kwamba hamjavuka sana. Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa wa Kyela ni ndugu, lugha zao zinasikilizana, na salamu ya ugonile itakufikisha mbali kuliko Kiingereza. Kiswahili pia kinasikika sana Karonga sokoni. Kina historia chungu huko: mfanyabiashara wa Kiswahili aliyeitwa Mlozi alijenga ngome zake karibu na Karonga akiuza watu na pembe, akapigana na Wangonde na Waingereza, na akanyongwa Desemba 1895. Jambo moja la ulimi: ziwa lile kwao ni Ziwa Malawi. Ukisema Nyasa kwenye dirisha la uhamiaji hakuna atakayekufunga, lakini mstari wa mpaka ndani ya ziwa hilo nchi zetu hazijakubaliana mpaka leo, na foleni si mahali pa kuumalizia.

Mchana wapelekeni watoto kwenye makumbusho ya Karonga wakaone kiunzi cha Malawisaurus, dinosaria aliyepatikana wilayani humo na kupewa jina la nchi. Wilayani humo humo, kwenye kilima cha Uraha, mwaka 1991 lilipatikana taya la binadamu wa kale, la zaidi ya miaka milioni mbili. Mtoto wa miaka 9 atakumbuka hayo kuliko milima yote. Usiku Karonga ni joto na mbu, sawa na Kyela. Chandarua kisicho na tundu, na dawa ya kupaka kuanzia jioni.

Mbu hao ndio walioijenga Livingstonia. Wamisionari wa Kiskoti walianza mwaka 1875 Cape Maclear, kusini mwa ziwa, wakafa kwa malaria. Mwaka 1881 wakahamia Bandawe, wakafa tena. Mwaka 1894 daktari Robert Laws akapanda na wenzake kwenye uwanda wa Khondowe, juu ya ukuta ule ambao mbu hakuwa anaupanda kwa urahisi, akakaa huko hadi 1927. Jina wakaliacha la David Livingstone, ambaye alikuwa ameshafariki tangu 1873. Miaka mitatu tu kabla ya Laws kupanda, Wamoravian walikuwa wamejenga Rungwe, upande wetu, kwa sababu ileile ya kukimbia homa. Ndiyo maana mkiwa Livingstonia mama mkwe, kama ni wa kanisa, ataona mpango uleule anaoujua wa Rungwe: kanisa la matofali, shule, hospitali, na miti mirefu ya kigeni iliyopandwa kwa mistari.

Siku ya tatu, basi, ondokeni Karonga mapema, mpite kando ya ziwa, msifike Chitimba baada ya saa tano asubuhi ya kwao. Pandeni. Kaeni juu usiku mbili. Huu ndio moyo wa safari, na watu wengi wanaupa saa tatu. Usiku wa kwanza mtakuwa wachovu na mna vumbi. Siku ya nne ndiyo yenu. Maporomoko ya Manchewe, yanayoanguka kama mita 125, yako umbali wa kutembea kwa mtu mwenye miguu. Mama apelekwe kwa gari mpaka karibu. Nyuma ya maji kuna pango, na wenyeji husimulia kwamba watu walijificha humo enzi za kukamatwa utumwa. Kuna nyumba ya mawe ya Laws, ambayo sasa ni makumbusho na wageni hulala. Jioni kaeni ukingoni tu. Ziwa liko chini kabisa, mitumbwi inaonekana kama mbegu za tikiti, na hali ya hewa ikiwa safi mtaona ng'ambo milima ya Livingstone ya upande wetu, ile inayosimama nyuma ya Matema. Huku wenyeji ni Watumbuka. Neno moja linatosha, yewo, ambalo ni salamu na pia ni asante. Hospitali ipo palepale, kwa ajili ya presha ya mama, ingawa sitegemei mtaihitaji kama atakula dawa zake na hatalazimishwa kutembea mwendo wenu.

Siku ya tano mnashuka. Mwambie dereva wa kukodi ashuke kwa gia, na wewe sasa utajua kumsikiliza. Mchukue IST, mtazame tairi zote, mrudi Karonga mle chakula cha mchana, kisha mkate magharibi kwenda Chitipa. Barabara hii ni lami na watalii hawaijui, sijui kwa nini. Inapanda kutoka joto la ziwa hadi uwanda wa zaidi ya mita 1,200, na kulia kwako vinajitokeza vilima vya Misuku, ambako wanalima kahawa nzuri. Chitipa ni mji mdogo wenye lugha nyingi kupita ukubwa wake; Kilambya na Kindali utakazosikia sokoni ndizo utakazosikia kesho yake Ileje. Laleni hapo. Kwacha zilizobaki malizeni kwenye kahawa iliyofungwa dukani. Magunia na mikungu msinunue: Aprili 2025 nchi hizi mbili zilifungiana mazao kwa muda, na tangu hapo mimi mazao mabichi sivuki nayo upande wowote.

Siku ya sita mpaka ukifunguliwa muwe wa kwanza. Rudisheni kibali cha gari upande wa Malawi na mdai karatasi iliyogongwa muhuri wa kutoka, kisha muipigie picha. Gari ambalo halijafungiwa kibali chake linabaki na deni la ushuru kwa jina lako. Sogezeni saa mbele kwa saa moja. Isongole hadi Mpemba kupitia Itumba ni lami yenye miinuko mikali mizuri, na faida yake kubwa ni kwamba mnatokea kwenye barabara kuu kabla ya Tunduma, bila kuigusa foleni ya malori ya pale.

Kuanzia hapo uzuri umekwisha na kazi imebaki, maana ni malori mpaka nyumbani. Kimondo cha Mbozi, kipande kikubwa cha chuma kilichotoka angani, kiko pembeni ya njia yenu kwa barabara ya vumbi. Kama mmefika eneo la Vwawa kabla ya saa tano asubuhi, wapelekeni watoto. Kama ni baada ya hapo, piteni moja kwa moja, kwa sababu kipande cha Ifisi hadi Nsalaga kinaweza kuwasimamisha muda mrefu tangu kazi ya njia nne ianze, na bado mtakuwa na Chimala na Igawa mbele yenu.